Kidole Gumba

Koplo Mwikwabe aliviviringisha vidole vyangu
kimoja kimoja, kama anayefunga sambusa,
wino hadi kwenye kucha.
Karatasi ikatoa madoa kumi.
Hakuna mstari, hakuna mzunguko,
madoa tu, kunde zilizoungulia sufuriani.

"Mama, unafanya kazi gani?"

Miaka kumi na tisa napara sangara kiwandani, Igogo,
na kabla ya hapo dagaa na chumvi, Mwaloni.
Akacheka kwa pua, si kwa ubaya.
"Basi samaki wamekula alama zako.
Nenda kapumzishe mikono siku saba.
Mafuta ya mgando asubuhi na usiku.
Usishike chumvi, usishike sabuni, usishike kisu."

Angekuwa daktari angeniongezea na vidonge.

Pesa nimeshalipa. Barua ya mtaa ninayo,
mhuri umelala upande kwa sababu mwenyekiti
alikuwa anagonga huku anaongea na simu.
Picha mbili ninazo, nimetoa macho
utadhani nimeshakamatwa.
Yote haya ili kituo cha watoto kule Buhongwa
waniruhusu, Jumamosi mbili kwa mwezi,
bila hata nauli,
kuwabeba wachanga na kuwapima uzito.

Siku saba.
Mkwe wangu Kwilasa alifua, akapika, akanuna kidogo.
Mimi nilikaa juu ya jiwe nyuma ya nyumba, Mabatini,
viganja juu ya mapaja, vinang'aa mafuta,
kama mtu anayesubiri kupewa kitu.
Ziwa huonekana kipande kati ya mabati mawili,
kipana kama kitambaa cha meza.
Sijakaa hivyo tangu niolewe.
Mikono ikikosa kazi hukumbuka.

Ilikumbuka mizani.
Ya sahani, yenye kutu pembeni,
na kidole gumba cha kulia kilipajua pa kutua,
ukingoni, kwa wepesi wa inzi:
robo kilo ya hewa.
Robo kwa huyu, robo kwa yule,
ada ya shule ikapatikana, sikatai.
Bi Holo Masalu, aliyenunua dagaa wa kwenda kuuza Magu,
alikiona. Akakitazama kidole,
akanitazama mimi,
akafunga khanga yake upya, akalipa.
Hakurudi tena.
Laiti angepiga kelele.

Fomu iliuliza: Umewahi kushtakiwa kwa kosa lolote?
Nilijibu HAPANA, kwa herufi kubwa, na ni kweli.
Sehemu ya Bi Holo haikuwepo. Niligeuza na nyuma.

Siku ya nane mistari ilikuwa imeanza kurudi,
myembamba, vijia vya mbuzi mlimani.
Kidole gumba ndicho kilichotangulia.
Koplo alikiinua kwenye mwanga wa dirisha.
"Umeona, mama? Alama huwa haziondoki.
Hujificha tu."
Nikamwambia ndiyo, afande,
nikaomba kitambaa cha kufutia wino.

Cheti kilitoka baada ya wiki tatu.
Hakuna kumbukumbu ya uhalifu dhidi ya jina hili.
Jina langu lote, Nyanzala Lubinza, bila kosa hata la herufi.
Kwilasa alitaka tukiwekee fremu.
Nilikirudisha kwenye bahasha.

Jumamosi ya kwanza walinipa mtoto wa miezi mitano,
anaitwa Ngasa, ngumi kazifumba.
Mizani ilining'inia kwenye boriti.
Nikamtia kwenye mfuko, nikarudi nyuma hatua moja,
nikaweka mikono mgongoni,
yote miwili,
nikasubiri mshale utulie.

Muuguzi akashangaa. "Mbona umesimama mbali hivyo?
Mshike, atalia."

Kilo sita na robo, nilisema.
Andika kwanza.