Sita kwa Nne na Robo

Kiamunyi. Hamsini kwa mia, vyumba vitatu,
tangi la lita elfu mbili, geti lenye kutu chini tu,
na ufa mmoja mwembamba juu ya mlango wa jikoni
ambao Mama Cheruto hakuuficha.
"Nakuru hii," alisema, "ardhi hujigeuza usingizini.
Mkinunua, nunueni mkijua."
Tukampenda kwa hilo. Tukataja bei yetu.

Jumanne, dalali Njuguini akapiga simu:
yupo mwingine.
Hana jina. Ana pesa taslimu.
Ameongeza laki mbili.

Zetu zilikuwa pesa za ushirika,
mkopo wa wadhamini wanne na mihuri saba,
pesa zinazotembea kwa magongo.
Makokha akauza pikipiki. Tukafikisha.
Jumanne tena: yule mtu kapanda laki moja.

Nikaanza kumjua yule mtu.
Nilimpa kitambi, nikampa saa ya dhahabu,
nikampa gari refu jeupe lisiloshika vumbi
hata Februari, upepo ukishuka Menengai
na shuka zote kwenye kamba zikawa rangi moja.
Usiku alipita ndotoni mwangu akigonga kuta
kama anayechagua tikiti maji.

"Hayupo," Makokha alisema, akikwangua ukoko wa ugali.
"Dalali amemfinyanga kwa mate yake.
Tunashindana na kivuli chetu,
na kivuli, mke wangu, jioni hurefuka."

Basi tukaandika kiasi cha mwisho, tukakitia kwenye bahasha:
laki ile moja, na juu yake shilingi mia saba na ishirini,
hela za nauli zilizokuwa mezani,
ili ionekane kwamba chini yake hakuna kitu tena.
Nikazima simu. Nikaosha madirisha ya nyumba ya kupanga,
madirisha ya watu, mpaka yakalia.

Siku kumi na mbili.

Kisha Njuguini: "Yule amejitoa. Leteni arabuni."
Makokha alicheka mpaka akakaa sakafuni. "Si nilikwambia!"
Nami nikacheka, kicheko cha mtu aliyetoa laki tatu na nauli
kushindana na hewa.

Tulihamia Ijumaa, kwa manyunyu ya kudanganya vumbi.
Katika chumba kidogo cha mashariki, nikipima dirisha,
nikaona maandishi ya penseli kwenye ubao wa fremu,
mwandiko usio wa Mama Cheruto
(wake naujua, uko kwenye mkataba,
mkubwa, umelala upande kama ngano baada ya mvua):

*Pazia la Kwamboka. 6 kwa 4¼.*

Na kando yake, ukutani, kistari kifupi,
kimo cha mtoto wa miaka mitano, labda sita,
aliyeambiwa asimame wima, visigino chini,
waone mwakani atakuwa amefika wapi.

Sijamwambia Makokha.
Fundi wa rangi alipokuja nilimwomba aparuke pale.
Akauliza kwa nini. Nikasema ni ufa.
"Ufa si huzibwa, mama?"
Nikaenda kumtilia chai.

Pazia nilishona kwa vipimo vile vile, futi zile zile.
Limekaa barabara.
Walikuwa wamepima vizuri.