Tarakimu Nne

Kazi ya dakika arobaini, alisema muuza redio,
naye hajawahi kujikunja ndani ya gari la viti viwili
lililoundwa kwa ajili ya watu wasio na magoti.
Sunderland, Januari, gereji ya kukodi
nyuma ya kituo cha mafuta,
taa kichwani, pumzi yangu ikipanda kama mvuke wa chai.
Mtaka cha mvunguni sharti ainame:
nimeinama, nimelala chali, nimepinda,
kichwa kwenye pedali, miguu juu ya kiegemeo,
na cha mvunguni bado hakitaki kuja.

Ni Toyota ya mwaka tisini,
wekundu wake umepauka mabegani.
Nimeinunua kwa Bi Doreen Hetherington, mjane,
aliyenikabidhi ufunguo mmoja, mwavuli,
na onyo: "Redio yake bubu.
Tangu betri ilipokufa inataka namba,
na mwenye namba hayupo."
Hakusema amekufa. Alisema hayupo,
kama mtu aliyetoka kununua maziwa.

Na kweli, ukiwasha,
kioo kidogo cha kijani kinakuuliza namba ya siri,
kinameta, kinangoja.
Nilijaribu sufuri nne.
Nilijaribu moja, mbili, tatu, nne,
jinsi wezi na wajinga wanavyojaribu.
Ikajifunga saa nzima, imenuna.

Basi nikanunua mpya.
Ina uso wa kioo, inaongea na simu,
inanisomea ujumbe wa Zuwena kwa sauti
ya mwanamke asiyeweza kutamka *vitunguu*.
Bei yake Zuwena anaijua nusu.

Funguo mbili za waya, moja kulia, moja kushoto.
Sukuma mpaka ulimi ubonyee, kisha vuta.
Ila plastiki ya miaka thelathini na mitano
haivutwi, hubembelezwa.
Ikalia *kwa!*
redio ikaniangukia mapajani na mkia wake wa nyaya,
na vumbi, na sarafu ya peni mbili,
na punje tatu za mahindi makavu.

Nyaya nazijua kwa rangi.
Nyekundu huamka na ufunguo.
Nyeusi hushikamana na bodi, ikatulia.
Ya njano ndiyo ya kumbukumbu: hailali,
hunyonya betri usiku kucha, tone kwa tone,
ili redio isisahau ilipofikia.
Ikikatika sekunde moja tu, basi.

Na juu ya bati, kwa kalamu ya wino mzito,
mkono wa mtu asiye na haraka:
nne, sufuri, saba, moja.

Vidole vilitetemeka. Baridi tu.
Nikaziunga nyaya upya, nikabonyeza,
na yule bubu akakohoa,
taa za kijani zikapanda ngazi, zikashuka,
mtu akaanza kusoma matokeo ya ligi daraja la tatu
kana kwamba hakuna aliyewahi kumkatiza.

Nikampigia Bi Doreen.
Nilidhani ni tarehe ya harusi.
Akacheka mpaka akapaliwa.
"Norman? Harusi? Alisahau hata mwezi!
Hiyo ni pete ya njiwa. Jike la kijivu.
Alimrusha kutoka Ufaransa kiangazi kimoja,
yeye na wenzake kumi na wawili.
Wenzake walirudi."
Nikasikia birika lake likianza kuimba.
"Alikuwa akikaa humo garini, mlango wazi,
redio chini chini,
akitazama paa la banda.
Mpaka Oktoba, mwanangu.
Mpaka nikampelekea koti."

Ile mpya imo ndani ya boksi lake.
Risiti inaniruhusu siku ishirini na nane.
Jioni, mikono ikinuka kutu,
Zuwena ananiuliza bila kugeuka kwenye jiko:
"Umefunga?"
Nimefunga, nasema.
Na sisemi uongo:
mlango wa gereji,
mara mbili, na kufuli.