Kifungua Kinywa

Jumatatu nilivunja mayai matatu juu ya nyanya,
pilipili hoho, chumvi ya kukisia.
Nje, ukungu ulikuwa umeimeza Trabzon nusu.
Sarp alikula kimya, akabeba mkoba, akaenda.

Jumanne mkate wa jana, mgumu kama kigae:
nikauchovya katika yai na maziwa, nikaukaanga.
Dadaye Elvan alilamba asali hadi kiwikoni.
Sarp? Kimya.

Mama yao yuko zamu ya usiku hospitalini;
tunapishana ngazini kama ndoo mbili za kisima.
Nami ni fundi bomba. Najua kuzibua mifereji,
si mtoto wa miaka tisa aliyehamishwa shule.

Jumatano zeituni, tango, jibini nyeupe
(wavivu nao wana siku yao).
Alhamisi supu ya dengu ya jana, limau juu yake.
"Hiki," akasema Elvan, "ni chakula cha usiku
kilichochelewa kulala."
Nilicheka peke yangu.

Ijumaa unga wa mahindi, siagi,
jibini ikivutika kama uzi wa mshonaji.
Simu ikalia: bomba limepasuka kwa Bi Nezahat.
Niliporudi jikoni, sufuria ilikuwa inafuka moshi.

"Baba, umeunguza."

Maneno mawili, ya kwanza tangu Jumapili.
Akanipokonya mwiko, akakwangua ukoko,
akaugawa mara nne,
kipande cha mama
akakifunika kwa sahani.