Koti Hilo Si Lake

Wameniketisha safu ya mbele, kiti cha mbao,
kwa kuwa mimi ndiye dada, na dada huheshimiwa
mpaka afungue kinywa.
Ukumbi wa Hadiach unanuka rangi mpya na makoti yaliyolowa.
Kitambaa cheupe kinawaka. Jina la kaka yangu,
Yukhym Skoropad, herufi zake kubwa
kuliko mlango wa nyumba tuliyozaliwa.

Anatokea mtoto. Si haba. Masikio mmeyapatia.
Lakini koti, Zoryana mwanangu, koti hilo si lake.
Lake lilikuwa la baba, limepunguzwa mikono,
na Jumatatu, Jumatano na Ijumaa lilikuwa langu.
Siku zangu yeye alibaki ndani
akipiga piano juu ya meza ya chakula,
vibonye vimechorwa kwa mkaa,
na mama alipopitisha kitambaa jioni
alifuta muziki wa kutwa nzima.
Hilo hukuniuliza. Nami sikulisema.

Sasa yuko Kyiv, kijana, ana masharubu ya gundi.
Sasa anapenda. Huyo binti amezidi uzuri;
Yevdokiya alikuwa na meno yaliyopandana,
akicheka anajiziba kwa daftari.
Sasa wanaume wawili wenye kofia wanamdai karatasi zake,
anazitoa kimya, ukurasa kwa ukurasa,
na okestra inalia kwa niaba yake.
Njia ya mwongo fupi, wamesema,
ila filamu hii ina saa mbili na nusu.
Kaka yangu alirudi kwa garimoshi la usiku,
akalala siku tatu ameupa ulimwengu kisogo,
ya nne akajenga banda la kuku.
Vibaya. Kuku walitoka wote.

Nacheka. Walio nyuma wananinyamazisha.

Kisha umeme unakatika.

Hakuna anayeguna. Miaka hii tumezoea
kumalizia habari gizani.
Mmoja anatafuta jenereta, mwingine ufunguo wa chumba cha jenereta.
Simu mbili tatu zinamulika, zinazimwa: chaji ni mali.
Na humo gizani, bila kuombwa, sauti inanitoka:
teha, teha, tehaaa,
ya mwisho imepinda kama mpini wa ndoo.
Ni mama, anaita bukini kutoka mto Psel.
Ndiyo ile ile ambayo wasomi wameiandikia
kurasa arobaini juu ya huzuni yake.
Huzuni gani? Bukini walikuwa kumi na mmoja
na mama alijua kuhesabu.
Wakirudi wote, aliimaliza juu.
Wakipungua, aliimaliza chini.

Ukumbi umetulia. Hata mtoto mwenye kikohozi.

Taa zinarudi, na kaka yangu anakufa
kando ya dirisha, theluji ikimwagika kama unga.
(Ilikuwa Aprili, tope hadi vifundo;
alikuwa akilalamika uji hauna chumvi.)
Okestra inaingia, ile simfoni ya mwisho,
niliyoisikia redioni miaka na miaka nikimenya viazi,
na leo ndipo naisikia inakoishia.
Chini.
Mwaka alioiandika, mezani kwetu
sahani moja haikuwa ikipakuliwa tena.
Kumbe naye alikuwa akihesabu.

Kama kuna nafasi, mwanangu, liweke hilo.
Na lile koti.