Kubisha

Siku ya tano kutoka Salala
na kisiwa cha Masira kipo palepale, kushoto,
kama jirani aliyekaa barazani
kutuhesabia safari.

Kaskazi inavuma puani mwetu.
Si dhoruba. Dhoruba ina adabu, huja ikaondoka.
Huu ni upepo wa omo, usiku na mchana, sauti moja,
kama mtu anayekataa
na sababu hasemi.

Nahodha ni Shinuna binti Mbarak, miaka ishirini na saba,
anapiga mswaki, usukani kaubana kwa goti.
"Tunabisha," anasema, na povu mdomoni.
Mashua inageuka, tanga linachapa,
sufuria ya dengu inahama ukuta
nami naifuata.

Saa nne kuelekea bara, mpaka tunanusa vumbi.
Saa nne kuelekea kilindini, mpaka hakuna cha kunusa.
Kwenye kioo njia yetu ni meno ya msumeno:
maili tisini za maji,
thelathini za safari.

"Washa injini," nilimwambia juzi.
"Dizeli ni ya kuingilia bandarini."
Sijasema tena. Natafuna tende iliyolowa chumvi.

Matrah niliacha neno limekatika katikati.
Ghaniya alisema nyumba ya mama yake haiuzwi.
Nikasema inauzwa. Akabisha.
Nikachukua begi, nikachukua kazi hii
ya kumfikishia tajiri chombo chake,
mimi, wa miaka hamsini na tisa, mpishi na mvuta kamba.
Miaka thelathini na moja namwita mbishi
kama vile natukana.

Sasa nimekaa upande wa joshi, miguu imelowa,
demani imenichubua viganja,
na nafikiri: kila aliponipa ubavu
huenda alikuwa anakuja,
kwa njia pekee iliyokuwepo,
maana upepo ulikuwa mimi.

Usiku wa sita unahama nyuzi kumi. Kumi tu.
Shinuna hasemi kitu, anaelekeza omo,
na taa ya Masira, polepole,
inakubali kubaki nyuma.

Ufunguo wa nyumbani ninao, nimeufunga ndani ya plastiki.
Sitautumia. Nitasimama nje
na chumvi yangu masikioni,
nibishe hodi,
na akiuliza nani,

"Tunabisha!"

Nadaka sufuria.