Nyongeza

Redio ilisema asubuhi, kabla ya habari za barabara:
kile kituo cha wataalamu kinachozunguka juu ya dunia
sasa kimefunguliwa kwa wafanyabiashara.
Mwenye mtaji apande.

Nilikuwa napima maharage kwa kopo la maziwa ya mtoto.
Nikacheka peke yangu, katikati ya Soko la Virunga.
Huko kizimba ni falanga ngapi kwa siku?
Nani anapita saa tatu kukata jetoni ya usafi
mahali pasipo na vumbi?
Na yule wa pili, asiye na sare wala risiti,
anayesema tu, "Mama, unifikirie,"
naye wamemshonea vazi la kwenda angani?

Jioni Kahindo akaja kuchaji simu kwangu.
Yeye huulinda mlima, huandika mitetemeko yake,
kwa mshahara wa miezi ambayo haijafika.
Akanionyesha: nyota isiyopepesa,
inakwenda mbio kama mtu anayekwepa deni.
Ilitokea Sake, ikapita juu ya mabati yetu,
ikavuka mpaka wa Gisenyi
bila kumwonyesha mtu karatasi.

Sina ugomvi na biashara.
Ndiyo iliyonijengea ukuta huu wa mawe meusi,
mawe yaliyokuja yenyewe usiku, yakiwaka,
yakameza nyumba ya kwanza
na cherehani ya mama, na mguu wake wa chuma.
Wauze basi. Wapike dawa huko, wavute nyuzi za kioo,
wapangishe hata usingizi.

"Ila picha," akasema Kahindo.
Mwaka ule, mtu mmoja kule juu, kazi yake imekwisha,
aliona doa jekundu ndani ya giza letu.
Hakutumwa. Alibonyeza tu,
na picha ikatufikia bila ankara.

Nikanyamaza.
Kopo likijaa, mimi huongeza konzi moja juu.
Mteja haihesabu,
lakini siku asipoiona, harudi.
Sasa dirisha likiuzwa kwa dakika,
konzi ile ataiweka nani?

Umeme ukakatika, simu ikiwa asilimia kumi na tisa.
Juu ya kreta wingu lilikuwa jekundu, zaidi ya jana.
Kahindo akaandika saa kwenye kiganja;
daftari la ofisi liliisha tangu Jumanne.