Waya wa Tatu

Mvua ya Lugo hainyeshi, inahamia.
Oktoba inakuja na mizigo yake yote,
inalala juu ya mapaa ya mawe, ndani ya viatu,
na mwaka ule iliingia hadi kwenye Citroën yetu nyeupe
ikaanza kumisi kila asubuhi ya ukungu.

Juani haikuwa na ugonjwa.
Ukiipeleka kwa fundi inanguruma kama paka aliyeshiba,
fundi anafuta mikono, anakutazama wewe.
Ukirudi nayo, kwenye kilima cha Meira:
tuk tuk tuk, kimya, tuk,
kiti kinatetemeka, bibi anatafuta rozari,
sailensa inatema harufu ya petroli mbichi.

Baba akanunua plagi nne mpya huko Vilalba.
Alizifuta kwa leso yake moja baada ya nyingine
kabla ya kuzikaza.
Ikamisi.
Akabadilisha kichujio cha hewa. Ikamisi.
Akalaumu petroli, akamlaumu muuza petroli,
akamlaumu Fiz, shemeji yake,
aliyeliazima gari siku mbili mwezi wa nane
na kulirudisha na mchanga.

Mama alikuwa anapiga pasi.
Miaka kumi na tisa alisimama kiwandani Vigo
akibana nyaya kwenye magari ya watu asiowajua,
maelfu yalipita mbele ya kifua chake,
na nyumbani hajawahi kufungua boneti.
Boneti ilikuwa ya Baba,
kama kisu cha kukatia nyama ya Krismasi.

Akaisimamisha pasi. Akachukua chupa ya kunyunyizia mashati.
"Iria, kawashe gari. Delmiro, zima taa ya uani."
"Gizani utaona nini, Obdulia?"
"Ndiyo maana."

Nilikuwa na miaka kumi na miwili.
Nilikaa ukingoni mwa kiti ili mguu ufike,
nikaikanyaga akseleta kama mtu anayekanyaga yai.

Fss. Waya wa kwanza: giza.
Fss. Wa pili: giza.
Wa tatu
ukaota nywele za buluu.

Sikuwahi kuona moto mwembamba vile.
Ulirukaruka kutoka kwenye ufa usioonekana mchana
hadi kwenye chuma cha injini, ukirudi, ukiruka,
na kila uliporuka gari lilijikwaa,
nami nikalisikia kisiginoni.

"Umeme ni mvivu kama maji," Mama alisema, "hufuata mkondo.
Waya ukiwa mkavu, utafika kwenye plagi.
Ukilowa, aende mbali kwa nini? Anashukia njiani.
Na silinda imebaki na petroli yake
kama mtu mwenye sigara mdomoni, hana kiberiti."
Alisema "aende", kana kwamba anamjua.

Baba aliinama mpaka pua ikakaribia injini.
"Nyunyiza tena," akasema.
Si kwamba hakuamini.
Niliuona uso wake kupitia kioo: buluu, giza, buluu.
Walisimama pale kupita haja ya kazi,
petroli ikiungua bure, migongo yao ikilowa,
na hakuna aliyeniambia nizime.

Kesho yake Mama ndiye aliyezifunga nyaya mpya,
akichomoa mmoja, akichomeka mmoja, asichanganye mpangilio:
moja, tatu, nne, mbili.
Wiki nzima nilihesabu ngazi za shule hivyo
nikaanguka mara moja.
Waya wa zamani unafunga mlango wa banda la kuku hadi leo.
Kuku hawajui.

Baa, Baba husimulia kwamba zile plagi nazo zilichangia.
Mama hamsahihishi.
Lakini ukungu ukishuka kilimani Meira
Baba huzima redio bila kuombwa,
huondoa mguu kidogo kwenye akseleta,
humtazama Mama kwa pembe ya jicho,
na kungoja aambiwe kama gari ni zima.